Jina libaki, nambari ihame: tovuti nne kutoka nyumba moja ya Kisauni

SWALI: Shikamoo mwalimu. Naishi Kisauni na nimeunganishiwa faiba nyumbani. Nina laptopu ya zamani iliyo nzima, nataka niweke humo tovuti nne: duka la dada yangu la madera na leso hapo Biashara Street, mashua za mjomba zinazotembeza wageni kwenye hori ya Mtwapa, madrasa ya mtaani kwetu, na timu yetu ya mpira. Ya kwanza niliiweka ikafanya kazi siku tatu. Siku ya nne stima ilipotea, na iliporudi tovuti haikufunguka tena. Kutazama, anwani ya IP imekuwa nyingine kabisa. Kampuni yasema anwani isiyobadilika ni ya wateja wa biashara, na bei yake siiwezi. Je, nahitaji anwani nne? Au niachane na jambo hili?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Usiachane nalo. Anwani nne huhitaji. Moja yatosha, hata hiyo inayobadilika. Tovuti yako ilipotea kwa kuwa jina ulilifunga kwenye nambari, yaani hiyo anwani ya IP, kwa mkono wako, nambari ikahama, na hapakuwa na wa kwenda kutoa habari.

Ukimwelekeza mgeni nyumba ya Mji wa Kale humpi nambari ya nyumba. Wamwambia afike Msikiti wa Mandhry, kisha aulize barazani kwa fulani ni wapi. Fulani akihamia kichochoro cha pili, wa kuambiwa ni wale wa barazani tu. Wageni wote watakaokuja baadaye wataulizia jina lile lile na watafika. Mfumo wa majina ya intaneti, aliouasisi Paul Mockapetris mwaka 1983, unafanya kazi hiyo hiyo ya baraza: kivinjari huuliza jina, hupewa nambari ya wakati huo, ndipo kinakwenda kubisha hodi. Basi kazi yako ni kuwa na mtu wa kukimbia barazani kila unapohama. Mtu huyo atakuwa programu ndogo ndani ya laptopu yako.

Lakini kuna jambo la kuhakikisha kwanza, na nakusihi usiliruke. Je, nambari hiyo inayobadilika ni yako kweli? Wasema tovuti ilifanya kazi siku tatu. Aliyeifungua alikuwa wapi? Ikiwa ni wewe na nduguzo mkiwa kwenye WiFi hiyo hiyo ya nyumbani, hilo halijathibitisha lolote.

Anwani za IP za mtindo wa zamani, zile za namba nne zenye nukta katikati, jumla yake ni 4,294,967,296. Waliozipanga waliona ni nyingi mno. Februari 2011 ghala kuu la dunia liligawa mafungu yake ya mwisho kwa taasisi tano za kanda, na yetu ya Afrika ni AFRINIC iliyoko Mauritius. Kwa uhaba huo kampuni nyingi huwakusanya wateja wengi chini ya anwani moja. Ifikirie kama S.L.P. ya shule. Wanafunzi wote waandika anwani ile moja na barua zao zatoka vizuri, ila barua ikija haina jina la mwanafunzi, karani hajui aipeleke bweni gani. Ukifungua ukurasa wa habari, ombi limeanzia kwako, na mashine ya kampuni inakumbuka nani aliuliza, hivyo jibu hukufikia. Mgeni anayeanza yeye kubisha kutoka nje, mashine ile haina wa kumpa, basi humwacha hapo hapo.

Kupima ni rahisi. Ingia ukurasa wa ruta yako, tafuta sehemu ya WAN, yaani upande wa ruta unaotazama nje, usome anwani iliyoandikwa pale. Kisha fungua kwenye kivinjari moja ya tovuti zinazokuonyesha anwani yako inavyoonekana nje. Zikilingana, nambari ni yako kwa muda huo. Zisipolingana, kuna mtu katikati. Anwani ya ruta ikianza na 100.64 hadi 100.127, uko kwenye fungu lililotengwa mwaka 2012 mahsusi kwa kampuni kuwachanganya wateja. Ikianza na 10, au 172.16 hadi 172.31, kampuni imekuweka ndani ya mtandao wake. Ikianza na 192.168, mara nyingi maana yake ruta yako imechomekwa nyuma ya ruta nyingine, kama ilivyo kwenye nyumba nyingi za kupanga ambapo mwenye nyumba hununua laini moja akaigawia orofa zote. Hapo hata mwenye nyumba akiwa na anwani halali, poti, yaani milango yenye nambari ambayo maombi ya mtandao huingilia, zitafunguliwa kwenye ruta yake yeye, kwa hivyo itabidi mzungumze.

Mimi somo hili lilinigharimu usiku mbili. Nilikuwa nimehamia nyumba mpya, nikaanza kufungua poti, kuzifunga, kubadilisha ruta, kusanikisha seva upya, na bado hakuna aliyeweza kuingia. Asubuhi ya tatu ndipo nikasoma kwa makini nambari ya ruta ikianza na 100 na kitu. Laiti ningetazama hapo mwanzo ningelala. Na tusijidanganye kwamba kwa kuwa nyaya za baharini zinatua hapa kwetu Mombasa, TEAMS na SEACOM mwaka 2009 na EASSy mwaka 2010, basi mambo haya hayatuhusu. Nyaya zilitupa kasi, baada ya miaka ya kuegemea setilaiti. Anwani ni habari nyingine.

Tuseme nambari zimelingana.

Nunua kikoa chako, yaani jina la mtandaoni la kumiliki mwenyewe, cha .co.ke au kingine chochote, kwa wakala aliyeidhinishwa; vikoa vya .ke husimamiwa na KeNIC. Kisha huduma ya kuyajibu majina, yaani hilo baraza lenyewe, iweke mahali panapokubali kupokea maagizo kutoka kwa programu. Cloudflare na deSEC hufanya hivyo bila malipo. Wako pia DuckDNS na No-IP wanaokupa jina dogo chini ya jina lao, na wanafaa kwa kujifunzia, lakini usichapishe jina la namna hiyo kwenye kadi za biashara. Jina la kuazima likiondoka, limeondoka na wateja wako.

Sasa, kosa ninaloliona kwa vijana wengi ni kuweka programu ya kuhabarisha kwa kila tovuti, nne kwa tovuti nne, kila moja na mipangilio yake. Siku moja mbili zinasasishwa na mbili zinabaki zikielekeza nyumba ya zamani, na unatafuta hitilafu hadi alfajiri. Fanya hivi: tengeneza jina moja tu linalofuata nambari yako, tuseme liitwe "nyumbani" chini ya kikoa chako. Hilo lipewe rekodi ya A, ndiyo inayobeba nambari. Majina mengine yote, la duka, la mashua, la madrasa, la timu, yape rekodi ya CNAME, ambayo haibebi nambari bali husema tu "mimi niko aliko nyumbani". Nambari ikihama, unasasisha mahali pamoja, na hata ukiwa na tovuti ishirini zote zinafuata.

Kuna mwiba mmoja. Kanuni haziruhusu CNAME kwenye jina tupu la kikoa, lile lisilo na www wala neno lolote mbele yake, kwa sababu jina hilo lazima libebe rekodi nyingine ambazo CNAME haikubali kukaa nazo. Cloudflare yenyewe huligeuza kuwa nambari nyuma ya pazia, nawe hutaona tofauti. Huduma yako isipofanya hivyo, iambie programu isasishe jina tupu pamoja na "nyumbani".

Programu ninayoitumia mimi ni ddclient, ya zamani na tulivu. Kila dakika 5 hutazama anwani ya nje, na ikiona imebadilika hupeleka habari. Ruta nyingi pia zina sehemu ya DDNS ndani yake, yaani ya kupeleka habari hizo hizo za nambari mpya, nayo yafaa ikiwa huduma yako imo kwenye orodha yake. Ufunguo utakaoipa programu hiyo uwe wa kubadilisha rekodi za kikoa hicho tu, usiwe ufunguo wa akaunti nzima. Laptopu ikiibwa au ikiingiliwa, hasara iwe na mpaka.

Na kila rekodi ina kipimo kiitwacho TTL, sekunde ambazo wengine wanaruhusiwa kulikumbuka jibu bila kuuliza upya. Kikiwa 86400, mtu aliyeuliza asubuhi anaweza kuipigia hodi nyumba tupu hadi kesho yake. Kiweke 300 au hata 60. Wengine huogopa kwamba maswali yatakuwa mengi. Kwa tovuti za ukubwa wako, hutasikia chochote.

Upande wa ruta, kwanza ifungie laptopu anwani ya ndani isiyobadilika, maana nayo hukodishiwa na ruta kama vile ruta inavyokodishiwa na kampuni. Kisha elekeza poti ya 80 na ya 443 kwenda kwenye laptopu. Hizo mbili basi. Poti ya 22, ya kuingilia kwa SSH, usiifungue kwa dunia hata kama rafiki amekwambia nywila ndefu yatosha. Ndani ya saa chache tangu ufungue poti utaona kwenye kumbukumbu za seva mashine za ugenini zikijaribu majina na nywila, zikitafuta kurasa za kuingilia za WordPress ambayo hata huna. Hawakulengi wewe, wanapita kila mlango wa dunia. Ukihitaji kuiendesha laptopu ukiwa mbali, ingia kwa WireGuard, programu inayofungua njia ya siri kati ya mashine mbili.

Sasa swali lako la anwani nne. Zamani lilikuwa swali la haki, na ndiyo maana bado utakuta watu wazima katika kazi hii wanaolijibu vibaya. Mwanzoni kivinjari kilifika kwenye nambari kikasema tu "nipe ukurasa", bila kutaja cha nani, kwa hivyo kila tovuti ilihitaji nambari yake. Toleo la 1.1 la HTTP, lugha ambayo vivinjari na tovuti huzungumza, lililotolewa Januari 1997, liliamuru kila ombi litaje jina la tovuti inayotakiwa. Tangu hapo mlango mmoja unahudumia nyumba nyingi, ilimradi pana bawabu wa kusikiliza jina na kuelekeza. Bawabu huyo ni programu kama Apache, au nginx ya Igor Sysoev iliyotoka 2004, au Caddy. Kwako nitachagua Caddy, kwa sababu moja nitakayoifikia hivi punde. Kila tovuti inapata folda yake na mistari michache ya maelekezo: jina hili, folda hii. Ya madrasa ikiwa inaendeshwa na programu inayosikiliza poti nyingine ndani ya laptopu, bawabu huyo huyo atalipeleka ombi huko, na mgeni hatajua.

Mwambie bawabu pia la kufanya akiulizwa jina asilolijua, au akiitwa kwa nambari tupu. Kwa nginx, usipomwambia, humpa mgeni tovuti ya kwanza aliyoandikiwa. Usishangae basi mtu akiandika nambari yako akakutana na ratiba ya darasa la Juzuu Amma. Weka jibu tupu liwe la kwanza.

Halafu cheti, kile kinachothibitisha kwamba tovuti ni ya jina hilo kweli. Bila kufuli pale juu ya kivinjari, wageni wa mjomba watakimbia kabla hawajaona mashua. Hapa nako palikuwa na kikwazo: mazungumzo yaliyosimbwa, yaani yaliyofichwa asiyasome mwingine, huanza kabla jina halijatajwa, basi bawabu atatoa cheti cha nani? Kiendelezi kiitwacho SNI, kilichoandikwa mwaka 2003, kilimwezesha kivinjari kulitaja jina mapema, na leo vivinjari vyote vinakijua. Vyeti utavipata bure kwa Let's Encrypt, waliofungua milango kwa umma Desemba 2015. Caddy huviomba na kuvihuisha yenyewe bila kukumbushwa, na hiyo ndiyo sababu yangu ya kuichagua. Vyeti vyao vya kawaida vimekuwa vya siku 90, na watoa vyeti pamoja na watengenezaji wa vivinjari walikubaliana Aprili 2025 kwamba kufikia Machi 2029 hakuna cheti kitakachozidi siku 47. Anayehuisha kwa mkono atachoka. Ukiwa bado unajaribu, tumia seva yao ya majaribio, kwa sababu ile halisi haikupi zaidi ya vyeti 5 vya majina yale yale ndani ya siku 7, na ukishavimaliza kwa pupa utangoja.

Haya, na ikiwa nambari hazikulingana? Nimeandikiwa na wengi walioko hapo kuliko walioko kwenye hali nzuri. Walioko hapo kwa kawaida ni wenye laini za simu, wenye dishi la Starlink la mpango wa kawaida, na wateja wa faiba wa kampuni kadhaa. Hapo programu ya kuhabarisha haitakusaidia hata kidogo. Itapeleka barazani nambari ya S.L.P. ya shule nzima.

Jaribu kwanza kuomba. Piga simu, usiseme unataka anwani isiyobadilika, sema unataka kutolewa kwenye anwani ya pamoja upewe ya umma, hata ikibadilika kila siku. Hayo ni maombi mawili tofauti, na la pili mara nyingine hukubaliwa bure au kwa nyongeza ndogo. Wakati huo huo soma mkataba, maana baadhi ya vifurushi vya nyumbani hukataza seva, na ni afadhali ujue sasa.

Ikishindikana, geuza mwelekeo. Badala ya mgeni kuja kwako, laptopu yako ndiyo itoke kwenda kumngojea mahali penye anwani ya umma. Kumbuka kinachotoka ndani hupita bila shida. Cloudflare Tunnel hufanya hivyo: programu ndogo kwenye laptopu hufungua njia kwenda kwao na kuishikilia, wageni wanafika kwao kwa jina lako, na maombi yanateremka kwa njia hiyo hadi kwako. Hakuna poti ya kufungua kwenye ruta, na nambari yako ikibadilika mara kumi kwa siku hakuna atakayejua. Kwa tovuti kama zako ni njia nyepesi kuliko zote. Gharama yake ni kwamba usimbaji unafunguliwa kwao kabla ya kufungwa tena, kwa hivyo kinachopita wana uwezo wa kukiona. Kwa picha za mashua sijali. Kwa fomu za wazazi wa madrasa ningefikiri mara mbili.

Njia yangu mimi ni nyingine: nakodi seva ndogo kabisa huko nje, yenye anwani ya kudumu, na laptopu ya nyumbani inaunganishwa nayo kwa WireGuard, ambayo tangu Machi 2020 imo ndani ya Linux yenyewe kuanzia toleo la 5.6. Seva hiyo haihifadhi chochote. Kazi yake ni kupokea poti ya 80 na ya 443 na kuzipitisha zilivyo hadi nyumbani, vyeti na funguo zikabaki mikononi mwangu. Kwenye mipangilio ya laptopu iandikie itume salamu kila sekunde 25, la sivyo mashine ya kampuni yako itasahau mazungumzo hayo na njia itakufa kimya kimya. Utauliza, kama nakodi seva, kwa nini nisiweke tovuti huko huko? Ni swali zuri. Seva yenye diski kubwa na kumbukumbu kubwa ni ghali kila mwezi. Yenye kupitisha tu ni rahisi, na diski ninayo nyumbani.

Faiba nyingi za nyumbani hupandisha polepole kuliko zinavyoteremsha, na tovuti huishi kwa kupandisha. Tuseme wapandisha megabiti 10 kwa sekunde, yaani megabaiti 1.25. Mjomba akikupa picha 8 za simu, kila moja megabaiti 5, ukurasa huo ni megabaiti 40 na mgeni mmoja atangoja sekunde 32, wakija watatu kwa pamoja ni dakika moja na nusu. Zipunguze hadi kilobaiti 200 kila moja na ukurasa utateremka kwa sekunde moja na kidogo. Hakuna laini utakayonunua itakayokufaa kama dakika hizo 20 za kupunguza picha.

Laptopu nimeipenda kwa sababu ina betri yake. Iangalie tu isiwe imevimba, na iache wazi mahali penye hewa, si juu ya kabati chini ya mabati. Ikila wati 15, kwa mwezi ni uniti 11 hivi za tokeni. Kompyuta ya mezani ya wati 80 ingekula karibu 58. Lakini laptopu kubaki hai hakusaidii kitu ikiwa ruta na kile kisanduku cha faiba vimezimika, kwa hivyo vinunulie vyote viwili UPS ndogo, yaani betri ya akiba, ya volti zinazolingana na zao. Na bahari yetu haisamehe vyuma. Msimu wa Kusi, unyevu na chumvi vikiingia pamoja, nimechomoa waya wa mtandao nikakuta shaba imefanya kijani. Tumia waya badala ya WiFi, lakini kila miezi michache uchomoe, ukague, ufute.

La madrasa nalisema nikiwa mzazi pia. Majina ya watoto, simu za wazazi, picha za darasani, hayo yanalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na kwa habari za mtoto lazima idhini ya mzazi au mlezi. Ningeweka ratiba, masomo na namna ya kuwasiliana, basi. Orodha za watoto zisikae kwenye mashine iliyofunguliwa kwa dunia. Na mashine hiyo yenyewe, ikiwa ruta yako yaruhusu, iweke kwenye mtandao wa wageni, mbali na simu za familia, ili siku ikiingiliwa mwizi asipate njia ya kwenda kwa mama.

Barua pepe usiziendeshe nyumbani. Anwani za nyumbani zimo kwenye orodha za kutoaminiwa kabla hujatuma hata moja, kampuni nyingi hufunga poti ya 25, na risiti za dada yako zitaangukia kwenye taka. Kwa barua lipia huduma, rekodi zake zinakaa kwenye kikoa hicho hicho bila kugombana na tovuti.

Duka na mashua ni riziki za watu. Kwa hizo mbili weka nakala ya kurasa kwenye huduma ya nje ya bure, iwe tayari. Nyumba ikikaa gizani siku mbili, wewe kwa simu yako unabadilisha rekodi moja, jina linaelekea kwenye nakala, wageni hawajui. Kwa sababu hiyo hiyo kikoa cha duka kiandikishwe kwa jina la dada yako, na cha mashua kwa jina la mjomba, na wao wawe na nywila. Wewe utachukuliwa na kazi nyingine siku moja, au utahama mji, na jina lisiende nawe.

Ukimaliza, usipime kwa WiFi ya nyumbani. Ruta nyingi hazimpeleki mtu wa ndani nje kisha kumrudisha ndani, utaona tovuti imekufa nayo ni nzima. Zima WiFi kwenye simu utumie bando, na umwombe jamaa aliyeko Muscat au London afungue zote nne. Kisha zima ruta kwa makusudi, kaa dakika 10, iwashe, usiguse kibodi. Hesabu dakika hadi zote nne zirudi zenyewe. Rudia siku tatu mfululizo. Zikirudi kila mara, mwambie mjomba aende akachapishe kadi zake.